Octave na Mtu wa Gazeti

Octave alikuwa mpishi wa ajenti wa serikali ya Wabelgiji pale Kasongo, Kongo, na kama kuna mtu aliyejitafutia upweke kwa mikono yake mwenyewe, basi ni yeye. Simwonei. Supu yake ilisifiwa mpaka kwa mapadri, Kifaransa alikisoma kuwashinda makarani, lakini akili ya nyumbani hakuwa nayo.

Miaka ile, uhuru haujanukia bado, magazeti ya Ubelgiji yalifika kila Jumamosi, furushi zima limefungwa kamba, habari zimekwisha kuchacha njiani. Ajenti akimaliza kuyasoma, yanashuka jikoni kuwashia moto. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na picha nne za mtu aliyeficha uso, anayeruka bila mabawa na kuinua gari kwa mkono mmoja. Octave alimwita Kipanga. Kila wiki mwanamke fulani yuko hatarini, anaanguka darajani au amezingirwa na moto, na picha ya nne inakatika hapo hapo: ngoja wiki ijayo. Octave akangoja. Alizikata picha, akazibandika ukutani kwa uji wa muhogo.

Masika moja kuni zililowa. Apolline, mkewe, akabandua wiki tatu za Kipanga, akawashia moto. Octave akamwambia neno ambalo mume halisemi: "Rudi kwenu." Apolline alifunga nguo zake, akaenda kwao Wamaza, siku nne kwa miguu.

Desturi ya kule inajulikana. Mke aliyefukuzwa haitwi kwa barua. Mume huenda mwenyewe, kuku mkononi, akakaa chini mbele ya mama mkwe, akasemwa mpaka watosheke, kisha akarudi na mkewe. Mpunga ukivunwa hajaonekana, mbuzi wa mahari wanarudishwa, na mambo yamekwisha.

Octave alitaka kwenda. Alimpenda, na nyumba ilimuuma; alipika wali wa mtu mmoja, na bado ukabaki. Kila Ijumaa alitia baiskeli upepo. Halafu akajiambia, kesho gazeti, nimalize kisa hiki tu, Jumapili niondoke. Jumapili kisa kimezaa kingine. Kipanga alikuwa akiruka gazetini tangu Octave yuko shule ya misheni, na maskini hakujiuliza kwa nini hajatua. Visa vya namna ile havina mwisho. Mchoraji akivimaliza atakula nini?

Mwezi wa pili akajiona mjanja. Akampa Alimasi, dereva wa lori la pamba, kuku ampeleke Wamaza. Kuku akarudi na lori lile lile, mzima, pamoja na neno la mama mkwe: "Kuku haina kinywa ya kuomba musamaha."

Mwanamume mwingine angepanda baiskeli saa ile ile. Octave alimchinja kuku, akamla peke yake, akaona aibu, na aibu ikawa sababu mpya ya kukaa.

Mpunga ukavunwa. Jumamosi moja, gazeti liko magotini, akaingia Dominique, kaka wa Apolline, vumbi mpaka kwenye nyusi, anavuta mbuzi kwa kamba.

"Shemeji, hawa hapa."

Octave akasimama. "Nilikuwa nakuja kesho."

"Apolline alikuwa anafagia njia kila siku ya Mungu, anasema leo atakuja. Mwezi wa tatu akaacha." Dominique alisema taratibu, bila hasira. "Sasa iko mutu mwingine. Maskini kuliko wewe. Lakini kuku yake alileta mwenyewe."

"Na yeye, Apolline, alisema nini?"

"Alisema nikusalimie."

Octave akawatazama mbuzi. Siku ya ndoa alipeleka wawili. Hawa walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa mdogo, bado ananyonya.

"Huyu alizaliwa kwetu," Dominique akasema, akimpa kamba. "Mama alisema tumulete pia. Hatutaki kubaki na kitu yako hata moja."