Mkunga Aliyekataa Kuitwa Midman

Wakunga wote wa wodi ile walikuwa wanawake isipokuwa mmoja, na huyo mmoja walimwita Kaka Leba. Alikuwa pande la mtu, mabega yamejaa mlango, lakini sauti yake ilikuwa ya chini na ya polepole. Mkewe, fundi cherehani, alisema sauti ile ingeweza kumrudisha usingizini hata jogoo.

Watu walipenda kudhani kwamba kazi ile ilimwangukia tu. Haikumwangukia. Alipokuwa chuo cha uuguzi, wanafunzi wa kiume walipelekwa chumba cha leba kwa mafunzo, na wenzake wengi walitafuta visingizio vya kutoroka. Yeye siku ya kwanza tu alimshika mkono mama aliyekuwa akijifungua mtoto wa kwanza, akamwambia, "Nipo hapa, siendi popote." Na kweli hakwenda popote mpaka kichanga kikalia. Alitoka pale shati limemganda mgongoni, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa mafunzo kuomba asomee ukunga.

Baba yake, mchomelea vyuma, hakulimeza jambo hilo hata kidogo.

"Majirani nimewaambia wewe ni daktari," alimwambia. "Usiniumbue."

"Baba, mimi ni mkunga."

"Na mikono yote hiyo?"

"Hii hii."

"Sawa, mkunga angalau hata mwanamume anaweza kuitwa. Hilo la Kiingereza je? Midwaifu! Mtoto wangu wa kiume anatembea na waifu kifuani!"

Mzee alikuwa ameona beji. Hospitali ilikuwa imeanza kupokea wageni kutoka nje, na katibu wa hospitali, bwana mmoja nadhifu aliyependa kila kitu king'ae, aliamuru wafanyakazi wote wavae beji za Kiingereza. Ya Kaka Leba iliandikwa MIDWIFE kwa herufi kubwa. Bila beji mlinzi wa getini hakumruhusu mtu kuingia, hata kama walikunywa chai pamoja jana yake.

Asubuhi moja aliikuta beji yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, imechorwa kwa kalamu ya wino mzito. WIFE imekatwa mstari, juu yake pameandikwa MAN. Vicheko vilikuwa vimebanwa nyuma ya milango ya makabati. Hakumwuliza mtu. Aliibandika vilevile ilivyo, akapanda kwa katibu kuomba nyingine.

Katibu aliisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Lakini si uongo, Kaka. Midman. Inakufaa. Kwani waifu ni nini? Ni mke. Sasa wewe ni mke wa nani?"

Kaka Leba aliinamia beji kifuani mwake. Neno lile alikuwa amelisomea, amelifanyia mtihani, amelivaa kifuani, na hakuwahi kujiuliza limetoka wapi. Akashuka ngazi na hasira yake kama mtu aliyebeba maji ya moto bila kitambaa.

Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, aliletwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, uchungu umemshika barabara. Mama mkwe wake alikuwa ametangulia mbele, mkoba kifuani.

"Mkunga ndiye huyu? Hapana. Mkwe wangu hashikwi na mwanamume."

"Aulizwe mwenyewe, mama," alisema Kaka Leba. "Akitaka mwingine, namwita sasa hivi, wapo."

Mwalimu alikuwa ameinama, ameshikilia chuma cha kitanda. Aliinua kichwa. "Unaijua kazi?"

"Naijua."

"Basi tuanze. Mama, samahani, naomba utoke hapo mlangoni, unaniziba hewa."

Alikuwa mwanamke wa maneno hata katika maumivu. Uchungu ulipompisha kidogo, macho yake yalitua kwenye beji.

"Nani kakuharibia neno?"

"Wenzangu. Wanasema siwezi kuwa waifu wa mtu."

Mwalimu alianza kucheka, cheko likageuka mguno. "Ngoja... unakuja."

"Pumua. Nipo hapa. Usiukimbie, uache upite."

Ulipita. Akajifuta uso kwa kiwiko. "Sikiliza. Hilo waifu la zamani halikuwa mke. Lilikuwa mwanamke, mwanamke yeyote, ameolewa hajaolewa. Mwanamke aliyeuza samaki waliita fishwife, hata kama hakuwa na mume wala mpango wa mume."

"Na hiyo mid? Si katikati?"

"Kila mtu anadhani katikati. Siyo. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa 'pamoja na'. Wajerumani mpaka leo wana neno linalofanana nalo na maana ni hiyohiyo. Katika Kiingereza lilikufa, likabaki limejificha humo ndani tu. Neno zima watu waliliandika kila mtu kwa sikio lake, huyu kwa i, yule kwa y, mwingine bila e mwishoni, lakini... Mungu wangu, huu mkubwa!"

"Nishike. Kaza hapa. Vizuri, mwalimu, vizuri sana."

Mwalimu alimshika mkono mpaka kucha zikaacha alama. Kisha akasema kwa sauti iliyokauka, "Aliye pamoja na mwanamke. Ndiyo maana yake yote. Mwanamke ni mimi. Wewe ndiye uliye pamoja nami. Halisemi kabisa kama wewe una ndevu."

Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeanza kuonekana na hapakuwa na nafasi ya sarufi. Alizaliwa mtoto wa kike, mapafu mazima, akapiga kelele zilizomfanya bibi yake huko nje apige vigelegele kabla hajaambiwa lolote.

Kaka Leba alipomaliza kuosha mikono, alipanda tena ngazi. Alimweleza katibu yote. Katibu alisikiliza huku akipanga kalamu zake.

"Hayo ni mambo ya vitabu, Kaka. Wageni hawaji na kamusi. Haya, nitakutengenezea beji. MALE MIDWIFE. Umeridhika?"

"Sijaridhika. Mlangoni kwako pameandikwa katibu. Mbona hapajaandikwa katibu wa kiume?"

"Usinifanyie utani."

"Sikufanyii utani, mkuu. Sitaivaa."

"Basi hutaingia kazini."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza bila kusimamisha cherehani, mguu ukikanyaga, kitambaa kikitambaa. Alipomaliza kusimulia, mkewe alisema, "Lete sare yako."

"Unataka kufanya nini?"

"Plastiki inakatwa kwa kalamu. Tuone na hii wataikataje." Akachagua uzi wa bluu iliyokolea, akatarizi MIDWIFE upande wa kushoto, juu ya moyo, herufi kwa herufi, akimtaka amtajie kila moja ili asikosee. Alipofika kwenye e ya mwisho alisimama. "Hii haisomeki. Inafanya nini hapa?"

"Ipo tu, na inabaki."

"Kama wewe," mkewe akasema, akaikaza kwa mishono miwili zaidi.

Asubuhi mlinzi alitazama kifua chake, akatazama angani, akafungua geti. Wodini baadhi ya wenzake walicheka. Msimamizi wa wodi, mama mkali asiyependa makelele, aligusa mshono kwa kidole, akauliza mkewe anatoza kiasi gani.

Katibu hakuuliza bei. Alimwita saa hiyohiyo na kumwonya kwa kuchezea sare ya hospitali. Onyo lilikuwa limeshachapwa. Lilisema akirudia atachukuliwa hatua. Kaka Leba alilisoma taratibu mpaka mwisho, akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

"Saini hapo chini," alisema katibu. "Jina, na pembeni yake cheo."

Aliandika jina. Kisha, mbele ya neno cheo, akabonyeza kalamu kwa nguvu na kuandika herufi zote saba kwa ukubwa uliovuka mstari na kuingia ukingoni mwa karatasi. Katibu aliitazama, akatoa pumzi ndefu.

"Nikuandikie nakala?" aliuliza Kaka Leba.

"Nenda kazini."

Akaenda. Kitanda cha dirishani mama mmoja alikuwa amevunja chupa ya uzazi, na alikuwa anaita.