Bibi Boke na Safari ya Algeria

Winfrida alikuwa anafua nguo nyuma ya bweni la chuo, Mwanza, simu ya mama yake ilipoingia.

"Mwanangu, Bibi amepumzika. Alfajiri hii, akiwa kwenye maombi."

Akaketi pale pale, povu mikononi. Bibi alikuwa hajampa jibu.

Winfrida alikuwa amepata nafasi ya kwenda Algeria kumalizia masomo yake ya uhandisi wa maji, na bila neno la Bibi Boke asingeweza kwenda. Bibi Boke wa Kemambo hakujaliwa mtoto. Mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe akamwoa Wegesa kwa ile ndoa yetu Wakurya ya nyumba ntobhu, mwanamke kwa mwanamke, ili mji wake upate watoto usizimike. Wegesa akamzaa Winfrida, kisha hakuzaa tena. Kwa sababu ya ndoa hiyo Bibi alizuiwa kushiriki meza ya Bwana. Hata hivyo hakukosa Jumapili. Alikaa benchi la nyuma na kuimba kuishinda kwaya.

Siku aliyoelezwa habari za Algeria alikuwa anapepeta ulezi.

"Huko kuna Wakurya?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi utapumzika. Utagombana na nani?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ngoja niombe kwanza. Ukija Pasaka nitakujibu."

Pasaka hakuifikia.

Msibani, Heche, mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Bibi, hakungoja hata kaburi likamilike.

"Shikamoo, baba mkubwa," Winfrida alimwamkia.

"Marahaba. Pole, mwanangu. Nasikia unataka kwenda kwa Waarabu."

"Sijaamua, baba."

"Basi amua kubaki. Nani atawasha moto kwenye mji huu? Boke hakutoa ng'ombe ili nyumba yake ikaliwe na popo."

Winfrida akainamisha kichwa. Moyoni alikuwa ameshaanza kukubali. Ndipo Wegesa, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wakwe, akatua sufuria ya uji.

"Shemeji, wale ng'ombe walitolewa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Basi wa kuwasha moto ni mimi, na bado nipo. Huyu mtoto hakutolewa ng'ombe na mtu." Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. "Halafu, aliyekuwa anatangaza kisimani kwamba mjukuu wake atapanda ndege ni nani? Mimi? Muulize Kisyeri."

"Kweli kabisa," alisema Kisyeri, jirani yao. "Alinitambia mpaka nikamwaga maji yangu."

Heche akakuna kidevu. "Boke naye! Mbona mimi hakuniambia?"

"Ungebisha, shemeji."

Winfrida akainua uso. "Baba mkubwa, nitakwenda."

Heche akaitikia kwa kichwa. "Haya. Lakini likizo uje hapa, usiishie Mwanza."

Alasiri mchungaji alisoma Zaburi ya tisini. Jeneza likashushwa kaburini nyuma ya nyumba. Wegesa alitupa udongo wa kwanza, kama mke wa mji ule, akafuata Winfrida, kisha Heche. Vijana wakajaza kaburi tukiimba. Mchungaji akamkabidhi Bibi mikononi mwa Bwana, tukasema amina, watu wakaenda kunawa mikono.