Aliyewaosha Wafu wa Nyumba Yetu

Mpaka leo nikimwona mtu anayelilia riwaya, nashikwa na kinyaa. Pengine namwonea. Wa kulaumiwa ni shangazi yangu.

Shangazi alifundisha fasihi sekondari, hapa hapa Tabora. Nilipokuwa kidato cha nne alikuwa akinisomea riwaya sebuleni, habari ya mtu asiye na hatia anayehukumiwa kwa sababu ya asili yake. Akifika penye hukumu sauti inamkatika, anafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haki haina kabila, mwanangu," ananiambia. Nami nilimwona malaika.

Aliyetuletea kahawa jioni hizo ni bibi. Tulimwita bibi, lakini hakuwa wa damu yetu. Sisi ni ukoo wa Kiarabu, wafanyabiashara tangu enzi za misafara. Nyanya yake yeye aliletwa na msafara mmojawapo, mtoto aliyetekwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akabaki kwetu na kizazi chake kikabaki. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walipewa mapema sana, ila ugeni haukuwatoka. Bibi alituogesha sote utotoni, shangazi akiwemo. Na kila mwanamke wa nyumba yetu alipofariki, bibi hakukosa kuwamo chumbani akimwosha.

Kisha bibi naye akafariki. Mwosha maiti, mama mmoja wa mtaa wa Itetemia, alifika na pamba na karafuu maiti, akasimama mlangoni.

"Poleni jamani. Nani wake aje tusaidiane?"

Kwetu ndiyo desturi: marehemu haachiwi mgeni peke yake, mkono wa ndugu lazima uwemo. Wanawake wakatazamana. Mmoja kiuno kinamuuma, mwingine ana presha. Shangazi akamvuta yule mama pembeni, hatua chache tu kutoka nilipokaa.

"Atafutwe mtu wa huko kwao. Sisi na hao hatuoshani. Si unajua, asili ya utumwa."

Huko kwao wapi? Bibi alizaliwa chumba cha uani, akafia chumba hicho hicho. Nilitamani kumtapikia riwaya yake. Niliinuka, nikakunja mikono ya gauni, nikaingia.

Mama yule alinielekeza kwa upole. Nilimwagia maji viganja vile vigumu vilivyokuwa vikinisugua mgongo, na nililia mno. Yeye hakuninyamazisha.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, sinia la pilau likawekwa mkekani. Shangazi alikuwa kwenye simu akipokea rambirambi. "Ndiyo, tumempoteza mama yetu," alisema, na sauti ikamkatika vile vile kama kwenye riwaya. Alipokata simu akaja kukaa kwenye sinia na wanawake wenzake, akaniona nami nimekaa kula.

"Mwanangu, kanawe tena. Kwa sabuni."

Nilikuwa nimeshaoga na kubadili nguo. Na mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alitoka kumwosha dada yake, yeye na bibi, akaja kula nasi sinia moja. Hakuna aliyemtajia sabuni.

Nikatia mkono katikati ya wali. Mikono yao ikaondoka mmoja mmoja, wa shangazi ukitangulia. Nilikula peke yangu, tonge kwa tonge, nikimtazama usoni, mpaka akainamisha macho.