Mzee Mincho Aliyeifungisha Mashine

Sisi watu wa Gabrovo, mji wa Bulgaria, tunasemwa kwamba tuliwakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke. Wengine tunacheka tukiambiwa hivyo. Mzee Mincho, jirani yangu wa mlango wa pili, hakucheka hata siku moja. Kwake lilikuwa wazo zuri tu. Alikuwa na mkono wa birika yule bwana, majani ya chai aliyachemsha mpaka yakasahau rangi yao.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha sufu mpaka kilipofungwa. Mkewe, Dobrina, alikuwa mfumaji palepale. Mtoto wao wa pekee, Vesela, yuko Valencia, anamlea bibi kizee wa Kihispania, huku mama yake mwenyewe akilelewa na Mincho na mimi. Nalisema hili kwa uchungu, ingawa najua Vesela hakuwa na la kufanya.

Akili ya Dobrina ilianza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau jiko, kisha akanisahau mimi. Ni Vesela peke yake ambaye hakumsahau, kwa sababu kila Jumapili baada ya chakula Mincho aliweka kompyuta mpakato juu ya blanketi la sufu mapajani mwa mkewe, na binti akatokea kwenye kioo. Simu haikufaa, kwa macho yake dhaifu Dobrina aliona mwanga tu.

Shida ni kwamba kompyuta ilichemka. Feni ilinguruma, mashine ikazidiwa, na uso wa Vesela ukaganda mdomo wazi. Hapo Dobrina alipiga mayowe: "Amekufa! Mwanangu amekufa!" Ilituchukua jioni nzima kumtuliza.

Siku moja Mincho alinikamata kwenye ngazi, macho yanang'aa.

"Rada, kumbe prosesa, ubongo wa kompyuta, inalishwa umeme kupita haja yake! Ukiipunguzia volti kidogo kidogo inafanya kazi ileile, na joto linashuka. Huko inakotengenezwa wanaipa shibe ya harusi. Mimi naipa ya mfungo."

"Hee! Hata mashine unaifungisha?"

"Ikizoea hailalamiki."

"Hata punda wa babu yako alizoea kutokula. Siku alipozoea, akafa."

Lakini ilifanya kazi, lazima niseme haki. Alishusha volti kwa programu ndogo, akijaribu na kurudisha pale mashine ilipozimika, mpaka akapata kipimo chake. Majira yote ya baridi Jumapili zilikuwa shwari. Dobrina alimwimbia binti yake nyimbo za kiwandani, na mimi nikasikia kupitia ukutani.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa watengenezaji: kuna programu mpya ya ubao wa mashine, ile inayoiwasha, kwa usalama wako, bure. Bure! Mincho hajawahi kupita kando ya kitu cha bure. Akabonyeza.

Kumbe wezi walikuwa wamegundua njia ya kuiba siri za mashine kwa kuchezea volti, basi watengenezaji wakaufunga mlango huo kwa kila mtu. Kitelezi cha volti kwenye programu yake ndogo kikageuka kijivu, hakisogei. Akajaribu kurudisha programu ya zamani, mashine ikakataa. Akaingia kwenye mipangilio ya kuwashia, akakuta saa na tarehe na upuuzi mwingine, volti hamna.

"Wamenifungia nyumba yangu mwenyewe, na ufunguo wameondoka nao!"

"Vesela amesema atatuma nyingine," nikamwambia.

"Ya nini? Hii nzima."

"Nzima gani inayomliza mkeo?"

"Jumapili ijayo itakuwa tayari, Rada."

Jumapili ijayo, na ile ijayo. Kila mara uso uliganda, na kila mara Dobrina alimlilia mwanawe kama maiti.

Mincho akageukia majukwaa ya Warusi mtandaoni, maana Kirusi tulilazimishwa shuleni. Huko alisoma kwamba chini ya mipangilio kuna swichi iliyofichwa, yenye anwani yake ndani ya kumbukumbu. Ukiandika sifuri kwenye anwani hiyo, kufuli inafunguka. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya jina lilelile alikuwa ameiweka anwani yake wazi. Kuitafuta ya kwako ni kazi, ya mwenzako iko bure. Lakini yule alikuwa na programu ya zamani. Katika ile mpya swichi zilihamishwa, na pale palikuwa na kitu kingine kabisa.

Siku hiyo nilikuwa nimewapelekea supu ya maharage. Mincho aliandika sifuri yake, akazima, akawasha. Feni ilizunguka kidogo, ikanyamaza. Kioo kilibaki cheusi. Dobrina alikuwa amechanwa nywele, blanketi mapajani.

"Vesela anakuja?"

"Anakuja," Mincho akasema.

Nilimchukia saa ile. Sitaficha.

Tangu hapo Dobrina aliweka mapajani ile mashine iliyokufa akangoja. Vesela aliponipigia simu nilimweleza kila kitu. Akaomba ruhusa kazini, akaja na kompyuta mpya.

Kwanza aliigeuza ile ya zamani. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa. Akachomoa kwa kibanio donge la sufu ya blanketi, limeshikana kama kofia.

"Baba, hukuwahi kuisafisha?"

Mtu aliyekula mshahara maisha yake yote kwa kutoa sufu kwenye mitambo! Alitazama chini.

"Sikutaka kuifungua. Isije ikaharibika."

Mincho akairudisha mapajani mwa Dobrina, na Vesela akaingia chumbani. "Mama."

Dobrina alimtazama kwa adabu. "Karibu, binti. Umetoka manispaa?"

"Ni mimi, Vesela."

"Vesela yuko humu," akasema, akipapasa mfuniko wa kompyuta. Binti alipomshika mikono, aliivuta.

Vesela akaiwasha ile mpya, akaiweka juu ya blanketi, akaja jikoni nilipokuwa, akafunga mlango na kupiga video kwa simu yake; Mincho akaipokea kule chumbani.

"Vesela!" Sauti ya Dobrina ilikuja kupitia mlango na kupitia simu. "Mwanangu! Mbona macho mekundu? Nani amekuliza?"

"Mafua tu, mama."

"Utakuja lini? Njoo upesi. Kuna mwanamke ameingia humu, ananishikashika mikono, na baba yako hamfukuzi."

Vesela alishika ukingo wa meza ya jikoni.

"Nitamwambia aondoke, mama."