Ukuta Katikati ya Basi

Basi tulilikuta limekaa juu ya mawe kwenye gereji anayofanyia kazi mume wangu, pale Kashaulili, Mpanda mjini, halina injini wala matairi. Lilikuwa basi la shule. Njano yake ilikuwa imepauka kwa jua, na jina la shule ubavuni lilishapakwa rangi juu, ila ukisimama kwa pembeni bado ulilisoma. Mwenye shule aliliuza kama chuma chakavu, na mume wangu, fundi wa kuchomelea, alilinunua ili alikate vipande. Siku ya kulikata aliwasha grinda, akaizima, akarudi nyumbani kabla ya saa ya chakula.

"Mama watoto," akaniambia, "lile bodi halina kutu. Nikilikata nitajuta."

Nilikuwa nashona gauni la watu. Nikamuuliza kama anataka kulioa.

Nyumbani kwenyewe kilikuwa chumba kimoja cha kupanga. Tulipanga tangu tuoane. Watoto wetu wawili walikulia upande wa pili wa pazia, na sasa wote wana maisha yao. Kiwanja tulikuwa nacho, pembeni ya mji, na kila mwaka tulisema mwaka huu tutafyatua tofali. Hatukufyatua. Kwa hiyo aliposema tuliburute basi hadi kiwanjani tuishi humo, nilicheka mpaka mkasi ukanidondoka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka mama yangu.

Mama yangu ni mjane, analima mpunga kijijini Mamba, na wakati ule alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alikuwa anamtambua mtu kwa sauti na kwa kivuli. Madaktari bingwa wa macho huja hospitali ya Mpanda mara mojamoja, wanapasua watu kwa siku chache, wanaondoka. Lakini baada ya kupasuliwa, mtu mzima kama yeye anahitaji kukaa mjini majuma kadhaa, awekewe dawa machoni asubuhi na jioni, arudi kliniki. Alihitaji pa kulala. Na katika miaka yote ya ndoa yangu mama hakuwahi kulala kwangu hata siku moja.

Hakuwa na kiburi. Kwetu mama haoni kitanda anacholala binti yake na mumewe. Hakioni, hakigusi, hakipiti karibu. Ni aibu kwa mkwe, na kwake yeye ni aibu kubwa zaidi. Ukiwa na chumba kimoja, mama yako ni mgeni wa nje. Wangu akija mjini alikaa kwenye kigoda mlangoni, akanywa chai, akaenda kulala kwa mwenzake wa kwaya, asubuhi akapanda gari kurudi Mamba. Nilizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Tulilivuta basi kwa trekta la kuazima. Barabarani watu walitushangilia utadhani harusi. Jirani yetu kule kiwanjani, mfugaji wa Kisukuma ambaye ng'ombe wake walikuwa wameyazoea majani yetu, alilizunguka basi mara mbili, mikono nyuma, fimbo mgongoni.

"Sasa mama," akaniuliza kwa heshima zote, "nyie mkitaka kuhama, si mtaondoka na choo mmekiacha?"

Kazi ya nje alifanya mume wangu. Aling'oa siti, akaliinua bodi juu ya nguzo za tofali, akaweka paa la pili la mabati juu yake lenye nafasi ya upepo, maana basi la chuma mwezi wa kumi Mpanda ni sufuria. Kazi ya ndani ilikuwa yangu, na hapo sikutaka kusikia la mtu. Binti yangu alikuwa amenitumia kwenye simu video za watu wa nchi za mbali wanaoishi kwenye mabasi. Kila kitu cheupe, kila kitu wazi, unasimama mlangoni unaiona nyumba yote hadi mwisho. Niliziangalia mpaka bando likaisha.

Mume wangu alisimama katikati ya basi na futi kamba mkononi. "Ukuta tunaweka hapa?"

"Ukuta wa nini?"

"Ukuta," akasema, kama vile jibu ni hilohilo.

Nikamwambia ukuta utaua mwanga. Nikamwambia nimekaa gizani nyuma ya pazia nusu ya umri wangu, naomba sasa nione nyumba yangu kwa jicho moja. Alinitazama kidogo, akarudisha futi kamba mfukoni. Ni mtu wa maneno machache, na mimi ya kwangu ni mengi, kwa hiyo kwenye ndoa yetu mabishano huisha mapema.

Nitasema ukweli: lilipendeza. Madirisha pande zote, cherehani yangu mbele palipokuwa pa dereva, makabati ya plaiwudi, na kule nyuma kabisa kitanda, chenye pazia la maua nililolishona mwenyewe kwa kitambaa kizuri nilichokitunza. Wanawake wa jumuiya walikuja kutazama wakasema dada umeula. Nilivimba kichwa.

Mara tangazo likatoka kwamba madaktari wa macho wanakuja. Nilimpigia mama kwa simu ya jirani yake.

"Mama, njoo. Sasa nina nyumba."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima. Utalala kwangu."

Nikasikia kuku wa kule wakilia. Halafu akasema, "Mungu mkubwa."

Je, nilisahau mwiko? Hapana. Nimejiuliza sana swali hili na jibu ni lilelile. Nilipanga mume wangu alale gereji siku zote za mama. Nilipanga godoro la mama liwe mbele, karibu na mlango. Nililikaza pazia. Na juu ya hayo yote, kuna jambo nililolijua moyoni na sikumwambia mtu: nilitegemea kwamba haoni. Nilimpangia mama yangu mzazi heshima kwa kipimo cha upofu wake.

Alifika mchana na kiroba cha mchele wa Mamba. Alivua viatu kwenye ngazi, akaingia, akapiga magoti palepale mlangoni akaomba. Mimi nikatoka kuchukua maji ya kunywa kwenye mtungi wa nje. Niliporudi alikuwa ameshasimama. Mtu asiyeona vizuri huijua nyumba kwa mkono, na yeye alikuwa anaijua nyumba yangu, kiganja ukutani, dirisha kwa dirisha, anatabasamu. Nilimuona anakaribia pazia. Alilisogeza kama mtu anayesogeza nguo kwenye kamba, akaweka mkono kwenye godoro.

"Hiki kitanda cha nani?"

"Chetu, mama."

Aliuondoa mkono upesi, akaukumbatia kifuani kama umeungua. "Mwanangu. Umenileta nishike kitanda cha mkwe wangu."

"Si kuna pazia, mama."

"Pazia ni nguo," akasema.

Akageuka, akarudi kwa kupapasa upande uleule, akashuka ngazi, akakaa chini kwenye udongo. Nikamfuata. Kama ningenyamaza, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini nilikuwa nimeumia, na mimi nikiumia hukasirika. Nikamwambia madaktari wanaondoka Ijumaa na yeye analeta mambo ya kale. Nikamwambia watu wamekwenda mwezini. Hakujibu, akawa anapapasa viatu vyake, na kule kutonijibu kukaniwasha zaidi. Nikasema, "Basi rudi Mamba na macho yako hayohayo."

Alilala kwa mwenzake wa kwaya. Nyumba ile ilikuwa imejaa wajukuu, wala hakutaka kuwa mzigo majuma mazima kwa watu wasio ndugu. Kesho yake alipanda gari. Sikwenda kumsindikiza. Ninaandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu alipopata habari hakusema, "Nilikuambia." Ningependa angesema, nipate wa kugombana naye. Alichofanya ni kuingia ndani na ile futi kamba.

Ukuta aliujenga kwa fremu ya chuma na plaiwudi pande mbili, kutoka sakafuni hadi darini, hauna mlango wala tundu la sindano. Nilimuuliza sasa sisi tutaingiaje kulala. Akaenda nyuma ya basi, kwenye ule mlango wa dharura ambao watoto wa shule walikuwa wakikatazwa kuuchezea, akaufungua, akauwekea ngazi ya tofali. Mlango wa mbele ukawa wa sebule na wa mgeni, wa nyuma ukawa wetu. Mvua ikinyesha nami niko sebuleni nataka kulala, nalowa. Na kweli mwanga ulipungua.

Kisha alifanya jambo ambalo mimi sikuwa na ujasiri nalo. Alipanda pikipiki hadi Mamba, kwa mama mkwe wake. Alinisimulia aliporudi, nami nikamlazimisha arudie mara tatu. Alikaa nje, mbali kidogo, amempa mama upande wa bega kama inavyotakiwa, na mama akiwa ndani ya mlango, khanga kichwani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kusema habari za nyumba."

"Marahaba, baba. Sema."

"Tumeigawa."

"Kwa nguo?"

"Kwa mbao na chuma."

"Milango?"

"Miwili."

"Inatazamana?"

"Haitazamani, mama. Mmoja mbele, mmoja nyuma."

Mama akafikiri, halafu akasema, "Umesumbuka, baba. Madaktari wakija nitakuja." Kuhusu mimi hakuuliza neno, na mume wangu hakunificha hilo.

Madaktari walirudi baada ya mavuno ya mpunga. Mama akaja. Safari hii alipiga hodi, akasubiri nimkaribishe, kisha akauendea ukuta kabla ya kuketi. Aliupapasa kwa viganja vyote, chini, juu, kona ya huku na kona ya kule. Alipokosa upenyo wowote aliketi, akaomba maji. Tuliongea kwa adabu, kama watu waliokutana hospitali.

Na hospitali ilikuwa kesho yake. Daktari, kijana mpole, alimulika jicho la kulia akasema hili tutalipasua, litaona vizuri. Akamulika la kushoto, akalimulika tena, akaniita pembeni. Mtoto wa jicho lile alikuwa ameiva kupita kiasi, presha ya jicho ikapanda, na mshipa wa kuonea ulishakufa. Akaniuliza kwa nini hatukumleta mapema. Mapema kiasi gani, nikamuuliza. Akasema, miezi hii michache tu ya nyuma.

Sikumwambia mtu. La kulia lilipopasuliwa nilirudi na mama, nikamwekea dawa asubuhi na jioni, nikampikia mchele wake mwenyewe. Mume wangu alipitia mlango wake wa nyuma kimyakimya, akisalimia kupitia ukutani, na mama akamwitikia marahaba baba, wote wawili wakiwa na amani kuliko mimi.

Siku ya nne, jicho lilipoanza kutulia, nilikuwa kwenye cherehani nikahisi natazamwa. Mama alikuwa ameketi kwenye godoro lake, kichwa amekiinamisha upande, ananiangalia kwa lile jicho moja. Aliangalia muda mrefu.

"Una mvi," akasema.

"Zimeanza zamani, mama."

"Na shingo imekunjamana. Mimi huku nilikuwa nimebaki na sura yako ya usichana. Siku ile uliponijibu pale nje, nilisikia msichana ananijibu, ndiyo maana iliniuma vile. Kumbe ni mtu mzima mwenzangu."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia yote, bila kupumzika. Nilimwambia nilitegemea kwamba haoni. Nilimwambia alichosema daktari kuhusu miezi ile. Nikasema, "Jicho lako la kushoto ni mimi, mama."

Nilitaka aseme hapana. Mtu yeyote angesema hapana, hata kwa kunihurumia tu.

"Ni wewe, ndiyo," akasema. "Na ni mimi pia. Yule mwenzangu wa kwaya alinishika mkono stendi akaniomba nibaki kwake, nami nikapanda gari kwa hasira zangu. Tugawane."

Nililia palepale, uso juu ya nguo ya mteja. Mama hakuninyamazisha. Alikaa akaniangalia mpaka nikamaliza.