Mama Mkwe na Ngoma ya Dhahabu

Leo nimemshukuru mama mkwe kwa kuniharibia ngoma.

Ngoma kubwa ya kikundi chetu cha beni, dansi ya tarumbeta, hapa Frere Town, tuliyoipata kwa askari aliyerudi kutoka vita vya Burma, vyuma vyake vimepakwa dhahabu. Mimi huvifuta kwa kitambaa kikavu. Polepole.

Mama mkwe kaja asubuhi kutoka Rabai. Kavisugua kwa majivu na ndimu, kama sinia za shaba.

"Mkwe wangu, ile kutu ya manjano imetoka yote!"

Kweli. Imetoka yote.

Mkwe hajibiwi vibaya. Nikasema, "Asante sana, mama."

Akafurahi. Akamgeukia mke wangu. "Nawe mwanangu, vua hiyo pete ya arusi niitakatishe."

Ile niliyomwapia kuwa ni dhahabu tupu.

Jamani, nifanyeje? Ndimu imebaki nusu.