Kigingi kwa Mama Marwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kijiji cha Susuni na kikapu kimoja. Ndani yake mlikuwa na gauni la kubadilisha, sabuni ya mche na kitambaa cheupe cha kufundishia kushona. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana. Cheo changu kiliitwa Mwalimu wa Nyumba, yaani mtu wa kuzunguka kwa akina mama kuwafundisha kupanga na kusafisha makazi yao. Aliyekuwa juu yangu, Mzungu tuliyemwita Bibi Msimamizi, alinieleza waziwazi kabla sijaondoka Musoma.

"Nitakuja baada ya mavuno. Nikikuta nyumba ziko vilevile, nitakurudisha."

Hakujua kwamba sikuwa na pa kurudi. Mama alinifia nikiwa mdogo, shangazi akanilea, kisha nikaingia bweni la misheni, na kote huko kikapu changu kilikaa chini ya kitanda cha mtu. Susuni nilipewa kulala kwa Mama Marwa, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Alipokiona kikapu kimekaa mlangoni, alichonga kijiti, akakipigilia ukutani karibu na mahali pangu pa kulala.

"Hapo ni pako," alisema. "Kikikaa chini kuku watakitagia."

Nilikitundika, nikakiangalia mpaka akaniita nile.

Vijana huniuliza tulifundisha nini hasa. Tulianza na kichanja, meza ya miti iliyojengwa nje ili vyombo vikauke juani badala ya kulala chini. Halafu shimo la taka, kifuniko cha mtungi, na jivu kuzolewa asubuhi kabla ya kuwasha moto mwingine. Lakini mengi Mama Marwa aliyajua kabla sijazaliwa. Sakafu yake ilisiribwa kwa samadi ya ng'ombe, ikawa laini, haina vumbi. Jembe lilikuwa na pake, ufagio una pake, na kata ya maji ilirudi juu ya mtungi kabla hujamaliza kumeza. Nyangi, mkamwana wake, akijisahau, aliulizwa, "Hiyo kata ina miguu?" Nyangi alicheka akairudisha. Nami nilianza kurudisha vitu bila kuambiwa, na hapo ndipo nilipojiona mtoto wa nyumba ile.

Tulikwama kwenye somo la matandiko. Bibi Msimamizi alikuwa ameagiza yaanikwe mbele ya nyumba, ili ayaone akishuka tu garini. Nilifundisha nilivyoagizwa. Sasa, kwa Wakurya wa pale, mbele ya nyumba ndiko kwenye zizi, na kando ya zizi ndiko wanakokaa wazee. Mkamwana na baba mkwe wana heshima nzito kati yao, na ngozi anayolalia mkamwana si kitu cha kuonwa na mzee. Akina mama waliacha kuja darasani. Hata Nyangi alianza kunisalimia huku akipita. Mzee Chacha, mume wa Mama Marwa, alituma neno kwamba kama ni lazima, basi binti wa Musoma amwoneshe zizi jingine la kwenda kukaa.

Mama Marwa alinikuta jikoni nalia.

"Unalia nini?"

"Bibi atanirudisha, mama."

"Anataka matandiko yapate jua, au anataka Mzee Chacha ayaone?"

"Yapate jua."

"Kwani huku nyuma jua haliwaki?"

Kesho yake alitoa ngozi yake mwenyewe, akaitandaza kwenye ua wa nyuma, upande wa shamba la ulezi. Nyangi akafuata. Wiki haikuisha, kila nyumba ilikuwa imetandaza mablanketi na ngozi upande wa shamba, na darasa likajaa tena.

Bibi Msimamizi alipokuja, alitazama mbele ya nyumba, uso ukambadilika. Nikamwomba tuzunguke. Kule nyuma aliuliza kwa nini huku. Mama Marwa akamjibu, "Huku ndiko kwa wanawake." Bibi aliinama akanusa blanketi moja, akatikisa kichwa kukubali.

"Basi iwe huku," alisema. Halafu akanigeukia. "Umefanya vizuri sana. Issenye hawana mwalimu. Jiandae, utakwenda huko."

Nilikuwa nimejitahidi nisirudishwe, kumbe kufaulu nako kunang'oa mtu. Siku ile nilitamani ningeshindwa. Mama Marwa alinitazama nikitoa kikapu kwenye kigingi.

"Nenda kazini," alisema. "Hapa hapatatundikwa kitu."

Issenye nilipewa baiskeli na bosi mwingine, Bwana Maendeleo, aliyependa vichanja vinyooke kwa kamba kama barabara. Nilifanya kazi vizuri, nikahamishiwa Kisaka. Huko ndiko habari ya msiba ilikonikuta. Nilipanda lori, nikamalizia kwa miguu, nikafika Mama Marwa ameshazikwa.

Nyangi alinipokea, akaniingiza ndani. Kuta zilijaa vibuyu, mbeleko na kamba za ng'ombe. Jembe moja lilikuwa limeegemezwa chini kwa kukosa nafasi. Kigingi changu kilikuwa kitupu.

"Tulikigusa akagomba," Nyangi alisema. "Alituambia mwenye nacho yuko safarini."

Nilitundika kikapu, nikakaa chini ya kigingi nikalia. Nilipoondoka baada ya matanga nilikiacha palepale.

Sasa nimestaafu siku nyingi, na nawakumbuka watu wale mpaka kifua kinauma. Mbele ya nyumba yangu hakuna zizi wala baba mkwe, lakini matandiko bado naanika nyuma. Wajukuu hunicheka nikienda sokoni na mfuko wa nailoni. Bibi, wanasema, umefundisha watu kupanga nyumba maisha yako yote, na hata kikapu huna.

Ninacho, nawajibu. Kiko mahali pake.